Filamu Isiyo na Damu

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nalisema hili mapema ili mtu asije kuniuliza baadaye kwa nini nilichagua vile nilivyochagua. Nikiona mate kwenye ngazi, chakula cha mchana hakipiti. Nikikuta unywele kwenye sinki, nasugua sinki zima kwa jiki mpaka vidole vinachubuka. Huko Guangzhou, nyuma ya mtaa wa Dengfeng, nilikuwa nimepanga vyumba viwili ghorofa ya saba, na ngazi za jengo lile zilikuwa mate matupu. Kila lifti ilipogoma nilizipanda nimeshika sketi juu, nikimlaani kila aliyepita kabla yangu.

Mwaka huo wa 2009 polisi walikuwa wanakagua pasipoti kila kona. Walisimama chini ya daraja la waenda kwa miguu, walisimama mlangoni pa Tianxiu, jengo lenye ofisi zetu za mizigo, na siku nyingine walipanda mpaka majumbani. Viza yangu ilikuwa hai hadi Desemba. Ya Jacinta ilikufa tangu Agosti.

Jacinta alikuwa Mkenya wa Kayole, Nairobi, mnunuzi wa nguo za watoto kama mimi nilivyokuwa mnunuzi wa nguo za akina mama kwa ajili ya duka letu la Moshi. Tulikutana soko la jumla la Shahe, tukigombania robota moja la magauni, tukavutana na kutukanana kwa Kiswahili mbele ya Wachina, na jioni tukajikuta tunakula meza moja. Alikuwa mtu wa kelele na wa kucheka hovyo, na alikuwa na tabia ya kulamba kijiko kisha kukirudisha kwenye bakuli la wote. Nilimpenda hivyo hivyo.

Aliomba viza iongezwe akanyimwa, akaomba tena akanyimwa. Mwishoni mwa Oktoba alikuwa na tiketi mbili za ndege za Alhamisi, yake na ya binti yake Auma wa miaka sita. Mpango ulikuwa ajipeleke mwenyewe ofisi ya uhamiaji Jumatatu, tiketi na barua mkononi, alipe faini yake aruhusiwe kuondoka. Watu walisema anayejipeleka huachiwa. Anayekamatwa barabarani huwekwa ndani mwezi mzima au zaidi, na mtoto wake hupelekwa wanakojua wao. Kwa hiyo kazi ya Jacinta ilikuwa moja tu: asikamatwe kuanzia Jumamosi hiyo mpaka Jumatatu asubuhi.

Watoto walishinda kwangu. Walikuwa wanne: Goodness binti yangu wa miaka kumi, Auma, na mapacha wa Herieth wa Mwanza, Kulwa na Doto, wenye miaka saba. Darasa dogo walilokuwa wakisoma kwa mwalimu mmoja Mfilipino lilifungwa mwezi wa tisa, mwalimu mwenyewe aliposhindwa kupata karatasi zake. Tangu hapo walikuwa ndani. Wasikimbie, wasiruke, wasipige kelele, maana ghorofa ya sita alikaa mzee mmoja ambaye akisikia visigino juu ya kichwa chake alikuwa anapiga simu polisi.

Na tulikuwa na sheria ya mlango. Tuliitunga wenyewe, mimi na Jacinta na Herieth, na tulijisifu nayo. Mtu akigonga, watoto wanyamaze na wasisogee. Polisi hugonga, mwenye nyumba hugonga, muuza gesi hugonga. Mlango usifunguliwe mpaka isikike sauti ya mama, ikiita jina la mtoto kwa Kiswahili. Nani mwingine katika jengo lile angeweza kusema, "Auma, fungua mamii"?

Jacinta aliwahi kuniomba ufunguo wa akiba. Nilikataa. Niliwaza watu wakiingia jikoni kwangu nisipokuwepo, wakichovya vijiko vyao kwenye masufuria yangu, wakifutia mikono taulo la vyombo, nikasisimka mwili. Nikamwambia wa akiba nimeupoteza na fundi bado hajanichongea mwingine. Ulikuwa umening'inia msumarini nyuma ya kanga iliyokuwa kwenye ukuta wa sebuleni, na mimi ndiye niliyeutundika.

Sasa hii habari ya Halloween. Mwalimu Mfilipino aliwaambia watoto kwamba mwisho wa Oktoba watavaa mavazi ya kutisha, watapewa pipi na kutazama filamu ya kuogofya. Darasa likafungwa, lakini ahadi haikufungwa. Kila siku ilikuwa Halloween, Halloween, mpaka masikio yakaniuma. Ijumaa Jacinta akaja na mfuko kutoka Shahe. Alikuwa amepata kwa bei ya kutupa pajama nyeusi zilizochapwa mifupa ya binadamu, oda ya Wamarekani iliyokataliwa kwa sababu mbavu zilichapwa mgongoni. Humo humo kulikuwa na kinyago cha mpira chenye jicho lililotoka nje, kinanuka kama tairi lililooza, na pakiti ya pipi zilizotengenezwa kama macho ya mtu, na mishipa yake myekundu.

"Hivi wewe," nikamwambia, "mtu na akili zako unamvalisha mwanao mifupa ya maiti? Kwetu Kibosho maiti anaheshimiwa, hachezewi."

"Wacha watoi wafurahie, Mama Goodness," akasema, tayari amelivaa lile dubwana la mpira. "Wiki sita hawajatoka nje. Na tukienda Alhamisi, Auma hataona hawa wenzake tena."

"Vua hilo. Litakutoa mabaka usoni."

Akavua, akacheka, kisha akasema jambo ambalo lilinifanya nikubali. "Halafu filamu ni poa, manze. Mtoto akiogopa hukaa kitako, anyamaze jii. Huyo mzee wa chini hatasikia hata kikohozi. Si tunataka wanyamaze? Hao makarao wako kila mahali, siku hizi mbili ndizo mbaya."

Nilipaswa kuchukia maneno yale. Mtu mzima anapotafuta hofu ya kumzibia mtoto mdomo, ni uchafu kuliko mate yote ya ngazi zile. Lakini niliyapima kama ninavyopima bei, nikaona yana faida. Nikasema filamu nitachagua mimi, kwa sababu yeye angeweza kuleta lolote.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwa mama mmoja Mchina aliyeuza DVD za kunakili kwenye kichochoro cha Dengfeng, bidhaa zake zote ndani ya sanduku la magurudumu ili akiona askari wa jiji wanakuja alifunge na kukimbia. Nikamwonyesha kwa mkono urefu wa watoto. Akaelewa, au alidhani ameelewa, akaanza kunitandazia.

Sijui watu wanaotengeneza vitu vile wamelelewa wapi. Jalada la kwanza lilikuwa na mwanamume aliyepasuliwa tumbo, matumbo anayashika mwenyewe mkononi kama anayeshika kamba ya mbuzi, na anacheka. La pili lilikuwa mdomo, mdomo tu, meno yametoka na kamasi zinatiririka katikati yake. La tatu lilikuwa mtoto mchanga wa kike anayetafuna kitu, na sitasema ni kitu gani. Nikageuza uso. Mate yalinijaa kinywani yale ya mtu anayekaribia kutapika. Na yule mama alikuwa anakula tambi zake kutoka kopo la karatasi, mchuzi unamdondokea juu ya hayo majalada, wala hana habari.

"Laoban," nikamwita, maana pale kila mwenye bidhaa ni bosi. Kichina changu kilikuwa cha sokoni, cha bei na cha kukataa. Nikagusa damu iliyochorwa kwenye jalada, nikamuuliza, "Mei you?" Nilitaka isiyo nayo.

"Mei you, mei you," akasema, haipo, na akachimba chini kabisa ya sanduku.

Akanitolea moja yenye jalada safi. Mwanamke wa makamo, nywele zimechanwa vizuri, amesimama nje ya mlango akiwa na bakuli la supu. Basi. Hakuna tone la damu, hakuna utumbo. Akaniwekea kwenye kideo chake kidogo cha kujaribia, nikatazama dakika tatu za mwanzo. Mama anapika, mtoto anaandika kazi ya shule. Na lile jiko! Vigae vyeupe, masufuria yamepangwa kwa ukubwa, taulo limekunjwa. Jiko lile lilinimaliza. Nikasema, watu wanaoishi hivi hawawezi kuwa na neno baya.

Nilichagua ile filamu kama ninavyochagua gauni Shahe. Pale tunageuza nguo, tunatazama mishono, tunatafuta doa. Nguo ikiwa haina doa, inaingia kwenye robota. Hatuulizi itakuja kumbana nani.

Saa tisa alasiri nikafunga mapazia. Watoto wakakaa kwenye mkeka, wanne wote wamevaa mifupa yao iliyokosewa, mbavu mgongoni. Jacinta alikuwa amekwenda Tianxiu kuchapisha ile barua ya uhamiaji na alisema atarudi saa kumi na mbili. Filamu ilisema Kichina, na maandishi ya Kiingereza yalipita chini. Wadogo hawakujua kusoma hayo, kwa hiyo Goodness akawa anawatafsiria kwa Kiswahili, na kwa kuwa binti yangu hupenda maigizo tangu akiwa mdogo, kila mtu alimpa sauti yake. Mama wa filamu alimpa sauti ya mama, laini, ya kubembeleza.

Mimi nilikuwa jikoni nakaanga mandazi, sikio moja huko. Nikasikia yule mama anamuaga mwanawe, anaenda sokoni. "Usimfungulie mtu yeyote mpaka usikie sauti yangu," Goodness akasema. Nikatabasamu peke yangu. Nikaona hata filamu inafundisha sheria yetu.

Mafuta yalipopoa nikatoka na sahani. Kwenye kioo cha televisheni kulikuwa na mlango, na upande wa nje wa mlango kulikuwa na kitu. Kilikuwa na umbo la mwanamke, nywele mbichi zimemfunika uso, kimepiga magoti, na kilikuwa kinaulamba mlango. Kinaulamba polepole, kutoka chini kwenda juu. Mate meupe mazito yanashuka kwenye mbao. Kisha ulimi ukaingia kwenye tundu la ufunguo ukatokea upande wa ndani, mwembamba, unatafutatafuta.

Damu haikuwepo, kweli. Yule mama wa Kichina hakunidanganya.

"Fungua, mwanangu," Goodness akasema kwa ile sauti laini. "Ni mimi mama yako. Nimechoka, fungua."

Auma alikuwa ameuma kola ya pajama yake. Kulwa na Doto walikuwa wameshikana mikono, macho hayapepesi. Hakuna aliyetikisika. Jacinta alisema kweli, nyumba ilikuwa jii, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahia ule ukimya. Lakini nilijua nikiutazama ule ulimi dakika moja zaidi nitatapika juu ya mandazi. Mama mwenye akili angezima. Mimi nilichukua pochi.

"Naenda kununua juisi na mkate," nikawaambia. "Atakayekuwa kimya mpaka mwisho nampa pipi kubwa. Mlango mnajua sheria yake."

Nikauvuta mlango ukajifunga, maana kwa ndani ulifunguka kwa kitasa tu, nikashuka kwa lifti. Dukani palikuwa na foleni, na mwenye duka alikuwa anapekenyua pua huku anapokea hela, nikaenda duka la mbali zaidi. Kwa hiyo nilichelewa, nusu saa nzima, kwa sababu ya pua ya mtu.

Niliporudi, gari la polisi lilikuwa limesimama mbele ya jengo na lifti imegoma tena. Nikapanda ngazi. Sikushika sketi siku ile. Kati ya ghorofa ya nne na ya tano nikasikia viatu vizito vinashuka, na kwenye kona nikakutana nao uso kwa uso: askari wawili, na katikati yao Jacinta.

Alikuwa na kiatu kimoja. Barua ilikuwa bado mkononi, imekunjamana. Vifundo vya mkono wake wa kulia vilikuwa vyekundu, ngozi imetoka, mkono wa mtu aliyegonga mlango kwa muda mrefu.

Askari mmoja akaninyooshea kiganja. "Huzhao." Nikampa pasipoti. Akalamba kidole, akafunua ukurasa, akalamba tena, akafunua, mpaka akaifikia viza. Kisha akamwonyesha Jacinta kwa kidevu, akaniuliza kama namjua. Niliielewa ile lugha vizuri kuliko siku nyingine zote.

Jacinta hakunitazama. Alitazama ukutani, akasema taratibu kwa Kiswahili, kama mtu anayesali. "Sema hunijui. Watapanda tena waone watoto. Auma asijue ilikuwa mimi."

Nikatikisa kichwa. Nikasema kwa Kichina kwamba simjui. Nikalisema vizuri, bila kukwama, na askari akanirudishia pasipoti ikiwa na unyevu wa kidole chake. Wakampitisha. Bega lake liligusa bega langu, nikanusa jasho lake, jasho la mtu aliyekimbia, na nikabaki nimeukumbatia mkate.

Nilifungua mlango wangu. Filamu ilikuwa imesimamishwa, mkono wa lile dude umeganda kwenye kioo. Hakukuwa na mtu sebuleni. Nikaita, na bado kimya. Nikaita kila mmoja kwa jina, na hakuna aliyetoka mpaka nilipoinama na wakaniona uso. Walikuwa chini ya meza, wote wanne, wamekumbatiana.

Auma alitoka wa kwanza. Pajama yake ilikuwa imelowa mapajani, lakini uso ulikuwa unang'aa.

"Anti Albina, alikuja!" akasema. "Kile kitu kilikuja kwa mlango wetu! Kiligonga sana. Kikaongea na sauti ya mama, sawa sawa kabisa. Kikasema, Auma fungua mamii, ni mimi, fungua haraka. Hata kilijua mama huniita nyar Kayole, msichana wa Kayole!"

"Halafu kikalia," Kulwa akasema.

"Hata kwenye filamu kililia," Auma akasema. "Goodness alisoma. Kikikosa kufunguliwa kinalia ndio umwonee huruma. Lakini sisi hatukufungua."

Wakanitazama wote wadogo watatu, wanangoja. Walikuwa wametii kila kitu tulichowafundisha. Ndani palikuwa kimya kiasi kwamba askari waliamini mwanamke yule anagonga nyumba tupu, wakamchukua wakaondoka. Kama wangefungua dakika ya kwanza, angekuwa amekaa kwenye mkeka wangu, anachovya kijiko chake kwenye sufuria langu.

"Mmefanya vizuri," nikasema. Lilinitoka mdomoni kwa urahisi ule ule wa lile jingine la ngazini. Nikakichukia kinywa changu.

Goodness alinifuata jikoni. Akasimama kwenye kona ya friji, na hizo mbavu zake za mgongoni, akanong'ona.

"Mama, mimi nilijua ni anti Jacinta."

Nikauweka mkate chini.

"Nilitaka kufungua. Nilifika mpaka mlangoni. Auma alinishika mguu, alikuwa anatetemeka, anasema nikifungua kitatula wote. Akajikojolea. Nikasema nihesabu mpaka kumi atulie, halafu nifungue. Halafu nikasikia viatu vya watu wengine." Akafuta pua kwa mkono wa pajama. "Ile sauti ya kwenye filamu ni mimi niliyeiigiza. Niliiga ya kwake."

Nikamvuta kwangu. Machozi na kamasi zake zikaingia kwenye blauzi yangu, na nikamshikilia hapo hapo mpaka akatulia. Nikamwambia kosa si lake, ni langu, na nikamwambia kwa sauti ili na mimi nilisikie. Kisha nikampigia Herieth aje, na nikampigia Kariuki, mwenyekiti wa Wakenya pale Tianxiu, nikamwambia Jacinta amekamatwa akiwa na barua yake mkononi, aende sasa hivi. Akasema anakwenda, lakini hakuniahidi kitu.

Sebuleni Auma alikuwa amekaa mkekani, amebadilishwa nguo, anangoja haki yake. Nikampa ile pipi kubwa, jicho zima lenye mishipa. Akalilamba kwa bidii, ulimi wote nje.

"Anti," akasema, "sasa mama akikuja mwenyewe, tutajuaje ni yeye?"

Nilitoa DVD kwenye kideo, nikaivunja vipande viwili, nikaona haikunisaidia chochote. Nikaenda ukutani, nikafunua kanga, nikautoa ufunguo kwenye msumari. Nikautia uzi, nikamvisha Auma shingoni.

"Huu ni wa mama yako," nikamwambia. "Utamtunzia. Yeye hatagonga tena, atafungua mwenyewe."

Akaushika kwa vidole vinavyonata mate na sukari, akaugeuza huku na huku.

"Kumbe uko na mwingine? Ulikuwa wapi?"

"Hapo ukutani."

"Hata leo?"

"Hata leo," nikasema. Akaridhika, akarudi kulamba pipi yake.